Konokono Hakodishwi Tarehe za Hospitali

Mteja alirudisha kochi lake asubuhi, na hakulirudisha kimya kimya. Alilipakia kwenye mkokoteni, akaandamana nalo mtaa mzima akimweleza kila aliyeuliza na hata ambaye hakuuliza, kisha akalishusha mbele ya mlango wa Fundi.

"Fundi! Toka nje uone ulichonifanyia!"

Fundi alitoka akijipangusa vumbi la sponji. Alikuwa mshona makochi kwa miaka thelathini na moja. Nusu ya mtaa ule walikuwa wamekalia kazi yake, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata mto. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa, akapapasa mshono kutoka pembe hadi pembe.

"Mbona mshono umenyooka, mama? Tatizo nini?"

"Nani anazungumzia mshono? Maua, Fundi! Maua yangu yameota kichwa chini! Jana wageni wananiuliza eti kwangu mvua hunyesha kutoka sakafuni?"

Watu wakaangua kicheko, na Fundi naye akacheka, maana angefanyaje? Jicho lake la kushoto lilikuwa limezibwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa na ukungu uliozidi kila mwezi. Kitambaa kile alikishona kwa vidole. Vidole vyake vilijua uzi, sponji na mbao, ila havikujua maua yanatazama wapi.

"Niachie, mama. Nitalirudia bure."

"Utalirudia kwa macho yapi?"

Hapo kicheko kikakatika. Aliyetoka ndani kuyamaliza maneno alikuwa mkewe. Mtaa mzima ulimwita Karani, na Fundi naye alimwita hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa karani wa shule kwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo hata orodha ya vitunguu aliiandika na tarehe juu. Alikuwa amejifunga kilemba kuficha kichwa ambacho dawa ilikuwa imekiacha hakina hata unywele mmoja. Alifungua bahasha iliyoandikwa "Mafuta ya Konokono", akamhesabia yule mama pesa zake, akamwomba radhi kwa sauti ya ofisini.

"Tumekukosea, mama. Haitajirudia."

Bahasha ikabaki na noti moja.

* * *

Konokono alikuwa gari. Gari kuukuu la kulala, la aina ile ambayo watu wenye nafasi huzurura nayo, lenye kitanda nyuma, jiko dogo la gesi, kidirisha cha paani, na sinki la kunawia mkono mmoja kwa wakati. Fundi alilinunua kwa bei ya chuma chakavu, enzi zile kazi zikimiminika, akiwa na ndoto ya kumtembeza mkewe siku akistaafu. Watoto wa mtaani walipoona linavyojikokota na nyumba mgongoni, wakalibandika jina hilo. Karani alistaafu mwaka ule ule alioonekana na uvimbe kwenye titi. Kwa hiyo matembezi yote waliyowahi kufanya na Konokono yalikuwa ya hospitali.

Hospitali yenyewe ilikuwa mwendo wa saa sita. Dawa walipewa bure kwa mpango maalumu, dozi sita, moja kila baada ya wiki tatu. Safari ya kwanza walipanda basi. Wakati wa kurudi Karani akatapikia viatu vya abiria wa pembeni yake, na kondakta akawashusha pamoja na mzigo wao mahali ambapo hapakuwa hata na kivuli. Tangu siku hiyo hawakutaka kusikia habari ya basi. Mdogo wake Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha lori, aliomba ruhusa kila wiki ya tatu akawaendesha. Walilala ndani ya Konokono kwenye maegesho ya hospitali, siku mbili, wakati mwingine tatu, hadi Karani aweze kusimama.

Godoro Fundi alilikata kwa vipimo vya mwili wa mkewe. Ukutani juu ya kitanda alifunga kishikio cha chuma alichokivika ngozi laini, ili mkewe akitaka kuinuka ajivute mwenyewe bila kumwita mtu. Ngozi ile ilikwisha kushika weusi wa kiganja chake. Dozi nne zilikuwa zimepita na mbili zilibaki. "Uvimbe umesinyaa, tena vizuri," sista alisema mara ya mwisho, na Fundi alilia pale maegeshoni bila kumwonea mtu haya.

* * *

Wazo la kukodisha lilikuwa la Dereva, huyo mdogo wake Karani. Alilitoa mezani, mdomo umejaa.

"Shemeji, lile gari linakaa wiki tatu linaota kutu. Wapo watu wanalitafuta gari kama lile. Wanakwenda porini kupiga picha za ndege."

"Ndege zipi, za angani?"

"Hawa wa mitini, shemeji. Wenye mabawa."

"Wanalipa pesa kumpiga picha ndege?"

"Tena pesa ndefu. Na ndege mwenyewe hapati hata senti."

Fundi alicheka, kisha akasukuma sahani. "Lile si gari la starehe. Ni wodi ya mke wangu."

Karani alikuwa anakusanya vyombo. Aliuliza bila kugeuka, "Ile kliniki ya macho hapa mjini walisema kiasi gani kwa jicho moja?"

"Mimi sijasema habari ya macho."

"Sijasema umesema. Nimeuliza."

Wote watatu walikijua kile kiasi. Tangu mambo ya kochi la maua, wiki nzima ilikuwa imepita na hapakuja mteja hata wa kushonewa mfuko wa mto. Mama yule hakuwa na breki mdomoni. Unga ulikuwa umebaki wa kukung'uta kwenye mfuko, na ile noti moja ya mafuta ilikwisha kugeuka sabuni na chumvi.

"Haya, sikilizeni," Fundi alisema mwishowe. "Siku za katikati, sawa. Wakae nalo wiki, warudishe. Lakini Konokono hakodishwi tarehe za hospitali. Hata aje mfalme wa ndege na vifaranga vyake. Karani, andika."

Karani akaandika, tarehe juu, mwandiko wa kupendeza kama kawaida yake, na mumewe akatia sahihi pale alipoelekezewa kidole. Kisha karatasi ikabandikwa ukutani kwa stepla ya makochi.

* * *

Wa kwanza kuja kulitazama walikuwa mume na mke wenye miwani ya jua. Mume alipiga mateke magurudumu yote manne akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mke alipanda ndani, akashuka upesi kuliko alivyopanda.

"Mbona linanuka dawa?"

"Tutafungua madirisha, mama," Dereva alidakia.

"Na kile chuma pale kitandani cha nini? Cha kumfungia mtu?"

Karani alikuwa amesimama hapo hapo, hatua mbili, na kilemba chake. Fundi alifungua mdomo. Miaka thelathini na moja hakuwahi kumdanganya mteja, hata juu ya ubora wa sponji.

"Ni cha… kutundikia taulo," akasema.

Yule mke alimtazama Karani kuanzia kilemba mpaka kandambili, akamvuta mumewe pembeni. Alinong'ona, lakini alikuwa mmoja wa wale ambao mnong'ono wao unasikika ng'ambo ya barabara. "Kuna mgonjwa analala humu. Mimi silali kitanda cha mgonjwa, unisikie."

Walipoondoka, Dereva alikwangua ardhi kwa kiatu.

"Dada, samahani. Lakini mtu analipia raha. Hospitali itoeni humo ndani, au tuache."

"Ana haki," Karani alisema. "Hata mimi nisingelala."

* * *

Fundi alijifungia ndani ya Konokono siku mbili. Alisugua, akabadilisha godoro, akafua mapazia. Alikifungua kishikio skrubu moja baada ya nyingine, akakivingirisha kwenye gazeti na kukiweka kwenye sanduku la zana. Yakabaki matundu manne. Fundi wa makochi hawezi kuacha tundu, ni aibu. Alichanganya gundi na unga wa mbao akayaziba, akayapiga msasa mpaka ukuta ukawa laini chini ya kidole, na juu yake akatandaza kitambaa kipya cha buluu, kisicho na ua hata moja. Kazi yote aliifanya kwa kupapasa, na huenda ndiyo ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

"Njoo uone, Karani."

Karani alipanda, akaketi kitandani. Kwa mazoea mkono wake ulinyanyuka kutafuta kishikio. Ukateleza kwenye kitambaa, ukateleza tena, ukarudi mapajani.

"Sikuacha alama hata moja," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu lile kochi alisimama wima. "Kagua. Mtu hawezi kujua palikuwa na kitu."

"Naona," Karani alisema. "Kazi safi kabisa, Fundi."

"Tarehe ikikaribia nakirudisha. Dakika tano tu."

"Najua."

Roho ilimuuma Karani, tusidanganyane. Alikuwa ameteseka ndani ya gari lile, amelia humo, amemwomba Mungu humo, na sasa amefutwa humo na mtu anayempenda kuliko wote duniani. Lakini alimtazama mumewe alivyosimama, kifua mbele, jicho jeupe moja na la pili likikodoa kutafuta uso wake mahali usipokuwepo, na akafikiri kwamba mwanamume huyu amebakiza miezi michache tu ya kuwa fundi. Baada ya hapo atakuwa kipofu anayesubiri kuongozwa chooni, na mwenye kumwongoza ni mgonjwa.

* * *

Wapiga picha wa ndege walipatikana kweli. Walikuwa wawili, wapole, wakalipenda gari na kitambaa chake cha buluu, wakasema wako tayari kulipa nusu papo hapo. Ila walilitaka kuanzia tarehe tano, wiki sita mfululizo.

"Wiki sita hapana," Fundi alisema. Hakusubiri hata Dereva amalize sentensi. "Ndani yake kuna tarehe mbili za hospitali. Waambie wiki moja."

"Wiki moja hawataki, shemeji. Huko mbali. Na hiyo nusu peke yake inalipia jicho lako, nimepiga hesabu."

"Hata ingelipia macho manne."

Siku ya pili yake, wanakunywa chai ya rangi isiyo na kitu pembeni, Karani aliichukua simu, akaisogeza mbali na uso kama mtu anayesoma.

"Ujumbe wa hospitali," alisema.

"Soma."

Kwenye kioo cha simu palikuwa na tangazo la kununua vifurushi vya dakika. Karani akakohoa kidogo, akasoma.

"'Tunapenda kukujulisha kuwa, kutokana na kuchelewa kwa shehena ya dawa, tarehe zako mbili zilizosalia zimeahirishwa kwa muda wa wiki sita. Unatakiwa kuripoti bila kukosa katika tarehe mpya utakayopangiwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.'"

"Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, na sauti haikutetemeka. Barua za namna hiyo aliwaandikia wazazi wa wanafunzi maisha yake yote. Angeweza kuzisoma usingizini.

"Wanaruhusiwa kweli kuchelewesha dawa ya mtu?" Fundi aliuliza.

"Ofisi zinaruhusiwa kila kitu, Fundi. Kunywa chai."

Dereva naye aliuliza mara moja tu, akajibiwa hivyo hivyo. Kwani nani angemshuku? Miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea tarehe.

Na msimfikirie vibaya, hakuwa anataka kufa. Alikuwa anataka kuishi, tena na mume anayeona. Kwenye meza yake ya shule zilipita tarehe za mwisho za kila namna, za kusajili, za kulipa, za kuhama, na chini ya kila moja aliandika kwa mkono wake "Hakuna muda wa ziada". Na kila mara mzazi akija na barua nzuri, yenye heshima na sababu, mwalimu mkuu aliongeza muda. Hakuwahi kuona tarehe isiyosogea. Kwa hiyo mchana ule aliiandikia hospitali barua ya ukurasa mmoja, akaomba kuongezewa muda wa wiki sita kwa sababu za kifamilia, akatunza nakala, akaenda posta kwa miguu akipumzika kila baada ya nguzo mbili.

* * *

Konokono aliondoka tarehe tano. Karani alisimama mlangoni akampungia mkono mpaka alipokata kona.

Kliniki ya macho ilikuwa na foleni yake, na zamu ya Fundi ilifika wiki ya tano. Walimfanyia jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata walimfungua kitambaa, na Dereva ndiye aliyekwenda kumchukua, kwa sababu Karani alisema amechoka kidogo. Njia nzima Fundi hakufunga mdomo. Alisoma mabango yote kwa sauti: duka la rangi, kinyozi, usikojoe hapa.

"Ala! Dereva, kumbe una mvi?"

"Miaka mitatu sasa, shemeji."

"Na ulikuwa unanyamaza! Ulinionea kweli. Na lile? Lile ni godoro gani limeshonwa ovyo vile? Nani fundi wake? Nitamnyang'anya wateja huyo!"

Alikata kona ya kwao akitembea mbele, bila kushikwa mkono. Kwenye kiti cha mlangoni aliketi bibi mmoja aliyekauka, mifupa ya mashavu imetoka, shingo nyembamba ndani ya gauni kubwa. Fundi alipunguza mwendo, akashika adabu.

"Shikamoo, mama. Karani yuko ndani?"

Yule bibi alicheka. Na kicheko kilikuwa cha mkewe.

"Marahaba, mwanangu," Karani alijibu, mkono tumboni kwa kucheka. "Jicho jipya na utani mpya! Haya ingia, Karani yuko ndani anakupikia."

Dereva alicheka pia. Fundi akacheka pamoja nao, kwa nguvu, mpaka jicho likauma. Akaingia ndani haraka akasimama nyuma ya mlango, kiganja mdomoni. Miezi mingapi alikuwa anaishi na sauti tu?

Sista wa macho alikuwa amesema dawa ya matone iandikwe saa zake mahali pa wazi. Fundi alivuta droo kutafuta kalamu, akakuta kadi ya kliniki ya mkewe. Hakuwa na shaka yoyote. Aliichukua kwa ile furaha tu ya kusoma kitu. Dozi ya kwanza, muhuri. Ya pili, muhuri. Ya tatu, ya nne. Ya tano, tarehe kumi na mbili, mwezi uliopita, hapakuwa na muhuri. Ya sita ilikuwa wiki iliyopita. Hapakuwa na muhuri, wala hapakuwa na tarehe mpya. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo Karani hakuwahi kumsomea: "Mgonjwa atakayekosa tarehe mbili mfululizo, nafasi yake itatolewa kwa mgonjwa mwingine."

Alinyanyua uso. Ukutani palikuwa na karatasi yake mwenyewe, na stepla zake mwenyewe, nayo sasa aliisoma kwa mara ya kwanza.

Karani alikuwa amesimama mlangoni.

"Nisomee ule ujumbe wa hospitali," Fundi alisema.

"Fundi…"

"Nipe simu niusome mwenyewe, basi. Si ninaona sasa? Umenipa jicho, niache nilitumie."

Karani aliketi kwenye kigoda. Alitoa nakala ya barua chini ya mto, imekunjwa mara moja tu ili isiharibike. "Nimeomba kuongezewa muda," alisema. "Soma. Nimeeleza vizuri. Watu huongezewa."

"Umemwomba nani?"

"Hospitali."

"Na uvimbe je? Nao umeuandikia?"

Karani alianza kulia taratibu bila sauti. Fundi alipiga magoti akamshika mikono, na hata hapo jicho halikumhurumia, lilimwonyesha kila mfupa.

"Kwa nini, Karani? Mimi ningekaa gizani. Mimi nimekuomba jicho?"

"Maua yalikuwa kichwa chini," Karani alisema. "Walikucheka. Na mimi nikawapa pesa nikaomba radhi."

* * *

Karani hakuwa tena na nguvu za kupanda basi, wakasubiri. Konokono alirudi baada ya siku sita, tena ameoshwa. Wapiga picha walikuwa watu wa haki, wakalipa nusu iliyobaki, wakaacha na zawadi, picha ya ndege mdogo wa kijani. Wakasema hawajawahi kulala vizuri kama kwenye lile godoro. Fundi alipokea pesa bila kuzihesabu, akamsukumia Dereva funguo, na saa ile ile wakaondoka.

Dirishani hospitali sista aliifungua faili ya Karani na barua ilikuwa humo, juu kabisa, imepigwa muhuri wa "Imepokelewa". Sista akaisoma yote, labda kwa mara ya kwanza.

"Barua nzuri sana hii, mama," alisema, na alimaanisha. "Ungekuwa ofisini kwetu hapa, mafaili yasingepotea."

"Sasa?" Fundi aliuliza.

"Sasa nafasi imeshakwenda, baba. Kuna dada amepewa, ana watoto wadogo. Siwezi kumtoa."

Daktari alimwona hata hivyo, kwa huruma. Alimpapasa kifua, kisha kwapa, akarudi kwapa tena, na Fundi, aliyeishi kwa vidole, alivitazama vidole vya daktari vikisimama mahali pamoja. Uvimbe ulikuwa umekua upya, na ulikuwa umeenea mpaka kwapani. Dawa ile ya mwanzo isingesaidia tena. Kulikuwa na nyingine, lakini haikuwa kwenye mpango, ya kununua. Daktari alitaja bei mara moja, na hakuna aliyemwomba arudie.

"Hata tukiliuza gari?" Dereva aliuliza wakiwa ukumbini.

"Hata gari na nyumba na sisi wenyewe, haifiki," Fundi alisema.

Walimlaza Karani ndani ya Konokono, kwenye nafasi yao ile ile ya maegesho, kando ya ukuta wa jiko la hospitali. Ilikuwa saa saba mchana. Mlinzi aliyewazoea alikuja kuwasalimu, akamwona Karani, akarudi zake polepole. Dereva alitoka nje akajifanya anakagua injini.

"Nataka kukaa," Karani alisema. Mkono ulikwenda ukutani, ukateleza kwenye kitambaa cha buluu, ukaanguka.

"Ngoja. Ngoja, dakika tano tu."

Fundi alifungua sanduku la zana, akakitoa kishikio kwenye gazeti. Akaanza kutafuta matundu. Alitafuta kwa vidole kwanza. Kisha akalisogeza jicho, jicho zuri jipya linaloona mpaka nyuzi za kitambaa, akatafuta kutoka pembe hadi pembe. Hakuona kitu. Alikuwa ameficha vizuri mno. Alirudia tena na tena, jasho linamtiririka, na mwisho akakipiga kitambaa kwa ngumi na kulia kwa sauti.

"Fundi," Karani alisema. "Acha. Toboa mengine."

"Sitaki pengine. Nataka pale pale ulipopazoea."

"Toboa tu, baba."

Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Akachukua chaki ya kukatia vitambaa.

"Haya. Nyosha mkono pale ulipokuwa unashika. Nitatia alama."

Karani alinyosha. Mkono ulipanda, ukafika chini sana ya pale ulipokuwa ukifika zamani, si mbali na ukingo wa godoro, na hapo ukagoma.

"Juu kidogo," Fundi alisema.

"Ndiyo mwisho."

Fundi aliutazama mkono ule. Aliona kila kitu. Akachora alama nne za chaki pembeni ya vidole vyake, akachukua drili, akaitoboa ile kazi yake safi.

"Hapa?"

"Hapo hapo," Karani alisema. "Kaza sana."